Nyigu wa Mama Mkwe, Siafu wa Kwetu

Mama wa mume wangu aliwapenda nyigu. Nalitaja hili kwanza kwa sababu hata majirani walilitaja kwanza, kabla ya kusema kwamba alikuwa mjane au kwamba hakuna aliyemshinda kulima wimbi. "Yule mama wa nyigu," walimwita. Nyumba yake ilikuwa chini kidogo ya barabara iendayo Keumbu, nyumba ya mviringo ya udongo na nyasi, na ndani yake viota vya nyigu vilikuwa kila mahali: juu ya mlango, kwenye nguzo ya katikati, nyuma ya chungu cha mbegu ambacho hakikusogezwa kamwe ili kiota kisibomoke.

Niliolewa huko mapema miaka ya hamsini, nikitokea Sironga. Mume wangu alikuwa kibarua katika mashamba ya chai ya Kericho, na likizo yake ya harusi ilipokwisha alirudi kazini, nikabaki na mama yake. Ng'ambo ya ua palikuwa na nyumba ya kaka yake mkubwa, niliyemwita shemeji, na mke wake na watoto wao wadogo. Shemeji alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato na alikuwa amejenga kibanda cha kukaushia pareto, maana miaka ile ndiyo watu wa kule walianza kuyapanda maua hayo ya dawa ya wadudu kwa wingi. Mke wake alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, mwenye kifua kibovu, aliyepumzika mara mbili njiani akipandisha maji kutoka mtoni. Boma zima ndilo hilo.

Asubuhi yangu ya kwanza nilishika ufagio. Nilikuwa bibi arusi, nilitaka kuonekana mchapakazi. Juu ya mlango palikuwa na donge la udongo mkavu, kubwa kama ngumi, nikainua mpini ili niliangushe.

"Hilo liache," mama mkwe akasema. Alikuwa ameketi karibu na meko akipepeta wimbi, wala hakuinua kichwa.

"Ni uchafu, mama."

"Ni nyumba ya mtu."

Nikaliacha. Baadaye siku hiyohiyo aliniita nitazame. Nyigu alikuwa ameingia kwa mlango, mweusi, kiuno chembamba kama uzi, miguu ya manjano ikining'inia. Hakuwa wa aina ile inayoishi kwa kundi mitini na kuwakimbiza watoto. Huyu wa mama mkwe aliishi peke yake. Alibeba kidonge cha udongo laini alichokikanda ukingoni mwa mto, akakibandika juu ya donge lile na kukitandaza kwa kinywa, na wakati wote wa kutandaza alitoa mlio mwembamba, kama mtu anayeimba kwa pua. Kisha akatoka, akarudi na kidonge kingine.

"Ni jike," mama mkwe akaniambia. "Kazi hii ya kujenga ni ya majike. Hana wa kumsaidia, na hamwiti mtu."

Alichukua kisu akabandua kiota kingine kilichokuwa kwenye nguzo, akakipasua kiganjani. Ndani palikuwa na vyumba, na kila chumba kilijaa buibui wadogo, wamebanana. Nilidhani wamekufa. Akamgusa mmoja kwa unyasi, na mguu mmoja ukajikunja polepole, ukajikunjua.

"Wako hai," akasema. "Amewachoma wasiweze kwenda popote. Yai lake liko hapa, unaliona? Mtoto akitoka atakuta chakula kibichi."

"Na mama yake anakuwa wapi?"

"Ameshaziba mlango, ameenda kujenga kingine. Na kingine. Halafu anakufa. Hamwoni mtoto wake hata siku moja."

Nikasema huyo ni mama mbaya. Alicheka, cheko fupi la puani. "Amemjengea, amemwekea chakula, amemfungia mlango. Wewe unataka amfanyie nini tena?"

Mimi kwetu tulikuwa watu wa siafu. Sisemi tuliwafuga, lakini baba yangu aliwasifu kila walipopita. Tulikuwa watoto wengi kule Sironga, wa mama wawili, na mvua zilipoanza baada ya kiangazi kirefu, siafu walihama, na safari zao mara nyingi zilipita nyumbani kwetu. Mtu wa kwanza kuuona mstari mweusi kwenye majani alipiga kelele, na sote tukajua la kufanya. Kuku walibebwa, ndama walifunguliwa, watoto wachanga walitolewa na vyombo vyao, na nyumba ikaachwa wazi. Tulikaa migombani siku nzima, tukapikiwa viazi nje, na sisi watoto tulifurahi kama siku ya sikukuu. Siafu waliingia, wakatambaa juu ya kuta mpaka kwenye nyasi za paa, na tulisikia panya wakilia mle ndani. Walipotoka, nyumba haikuwa na kunguni wala mende wala papasi. Mama alifagia mabawa na miguu ya wadudu, tukalala usingizi safi.

Baba alikuwa akituchuchumaza pembeni mwa msafara wao atuonyeshe. Wadogo walipita katikati wakiwa wamebeba watoto wao weupe chini ya tumbo. Wakubwa, wenye vichwa kama punje za maharagwe, walisimama huku na huku, taya zimefunuliwa, na hao wakubwa ndio waliokuwa ukuta wa barabara. "Hawana macho," baba alisema. "Kila mmoja anamshika mwenzake. Ndiyo maana hawapotei." Alisema maneno hayo akitutazama sisi, watoto wa mama wawili ambao tuligombana kila siku, na tulielewa anasema nini.

Kwa hiyo mimi na mama mkwe tulikuwa na ubishi wetu, na ubishi huo ulitupitishia masaa mengi. Tukipalilia au tukichambua mboga za chinsaga, mmoja wetu aliuanza.

"Siafu hana mama," alisema yeye.

"Ana mama. Yuko mmoja mkubwa, wote ni wake. Baba alimwona siku moja walipomhamisha."

"Mama wa wote hao atamjua nani? Ukimkanyaga mmoja, nani atamlilia?"

"Na nyigu akifa, mama, nani atajua?"

Hapo alitema mate kando. "Hakuna," alisema. "Lakini nyumba yake itabaki."

Sikuwa nimejua bado kwa nini alisema hivyo. Alinieleza mwenyewe wakati wa kuvuna wimbi. Mumewe alikufa wakati mume wangu angali mgongoni na shemeji akiwa ameanza kuchunga mbuzi. Wazee walimtaka aingie katika nyumba ya ndugu wa marehemu, kama ilivyokuwa desturi, akakataa. Hawakumpiga wala kumfukuza. Walimwacha tu. Nyumba yake ya zamani ilipoanza kuanguka hakuna mwanamume aliyekuja kuinua nguzo, wala mwanamke aliyekuja kukanda udongo. Alikata miti mwenyewe, alikanyaga udongo kwa miguu yake na mtoto mgongoni. "Pale mtoni nilipokuwa nachota udongo," alisema, "huyu mdudu naye alikuwa anachota palepale. Hakuna mtu mwingine niliyekuwa nafanya naye kazi."

Nilipata mimba mwaka wa kwanza. Mtoto alikuwa wa kiume, akazaliwa vizuri, akafa kwa homa kabla hajaota jino. Miaka ile homa ya mbu ilipanda hadi vilimani kwetu na ilichukua watoto boma baada ya boma. Mume wangu alipata ruhusa ya kuja, akafika mtoto ameshazikwa. Alikaa siku chache, akaniambia Mungu atatupa mwingine, akarudi Kericho. Sikumlaumu. Lakini baada ya hapo nililala mchana, kitu ambacho mke kijana hakuruhusiwa kufanya, na mama mkwe hakuniamsha. Alipika yeye. Alinisukumia bakuli la uji na kuketi karibu nami mpaka nimalize.

Mimba ya pili ilipoingia, alibandua kiota kikuukuu ambacho watoto wa nyigu walikuwa wameshatoka, akakisaga, akanipa ule udongo kiganjani niulambe. Ulikuwa na ladha ya mvua ya kwanza. Alisema wanawake wa kwao walikula huo wakiwa wajawazito ili mtoto ashike vizuri. Sijui kama ni kweli. Niliula kila alipoleta, na ninakumbuka kwamba katika wiki zile niliamini kwa mara ya kwanza kwamba mambo yangenyooka.

Kisha akaanguka. Ilikuwa asubuhi, alikuwa ameinama kuinua mtungi, na nilisikia mtungi ukivunjika. Nilipotoka nilimkuta amelala ubavu, mdomo umevutwa upande mmoja, jicho moja likinitazama. Tulimwingiza ndani, mimi na mke wa shemeji, huku tukimburuta kwa shuka kwa sababu alikuwa mwanamke mzito. Shemeji alimleta mtu wa dawa kutoka misheni, naye akasema hiki ni kiharusi, wengine hupona, wengine hawaponi. Yeye hakupona. Upande wa kulia ulikufa wote, na wa kushoto ulibaki na mkono unaotetemeka. Mdomoni lilibaki neno moja tu, ambalo hata si neno: "ee." Alilitumia kwa njaa, kwa kiu, kwa ndiyo na kwa hapana.

Nilimgeuza, nilimwosha, nilimlisha uji kwa kijiko cha mti. Alikuwa akitazama nguzo ya katikati, ambapo nyigu walikuwa bado wakija na vidonge vyao. Siku moja nilipokuwa nikimgeuza niliwakumbuka wale buibui wa kiota alichokipasua kiganjani mwake, na nadhani naye alikuwa anawakumbuka, kwa sababu alinitazama kwa muda mrefu kisha akafumba jicho na chozi likapita kando ya pua. Nilimfuta kwa ncha ya leso.

Kila Sabato shemeji na familia yake walipanda kanisani, mimi nikabaki naye. Sikulalamika. Lakini ilikuja Sabato ya Chakula cha Bwana, ile ambayo waumini hutawadhana miguu kwanza, wanawake kwa wanawake, na mke wa shemeji alikuja asubuhi amefunga kitambaa kichwani kwa ajili ya kazi, si kwa ajili ya kanisa.

"Nenda wewe leo," akaniambia. "Kifua changu kimenibana, kilima sitakiweza. Nitakaa na mama."

"Utaweza kumgeuza?"

"Umeshamgeuza asubuhi. Nitampa maji. Nenda, umefungiwa humu tangu kabla mvua hazijaanza."

Shemeji naye alisimama mlangoni, Biblia kwapani. "Nenda, mama," akaniambia kwa upole. Ndivyo alivyoniita, ingawa sikuwa na mtoto aliye hai. Nikaoga, nikavaa gauni langu la harusi lililokuwa sasa linanibana tumboni, nikamuaga mama mkwe. "Ee," akasema.

Kanisani mwanamke mgeni alinitawadha miguu, nami nikamtawadha yake. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Nilijisikia vizuri. Nalisema hili kwa sababu ni kweli: nilijisikia vizuri kuliko siku nyingi zilizotangulia, niliimba, na nyumbani wakati uleule siafu walikuwa wakipanda kutoka mtoni.

Yaliyotokea nimeyajua kwa vipande. Mke wa shemeji alikuwa uani akianika mboga alipoona kuku wanaruka. Akatazama chini akaona majani yanatembea. Haukuwa mstari, ulikuwa uwanja mzima, mweusi, unatoka migombani. Alifanya ambalo kila mtu angelifanya: aliwanyakua watoto wake wadogo waliokuwa wanacheza, akawapeleka juu barabarani, akawaambia wasitoke hapo. Akarudi, akaufungua mlango wa zizi, ndama akatoka. Kisha akaingia kwa mama.

Alijaribu kumvuta. Alimshika chini ya makwapa, na mama akasogea kidogo kitandani, akakwama. Akajaribu kumbeba mgongoni, wakaanguka wote wawili sakafuni. Kifua chake kikakataa, akawa anakohoa mpaka anaona giza. Siafu walikuwa wameshafika kwenye kizingiti. Ndipo akamrudisha kitandani kwa shida, akamwaga majivu ya meko kuzunguka miguu ya kitanda, akatoka, akaufunga mlango na kusukumiza majani ya ndizi chini yake, akakimbia kutafuta mtu.

Hakupata mtu. Ilikuwa Sabato. Alikwenda boma la kwanza, la pili, akapiga kelele ng'ambo ya bonde, na ng'ambo hakukuwa na mtu ila kipofu mmoja aliyemwitikia na kumuuliza kuna nini. Akaanza kupanda kilima kuja kanisani, yeye ambaye asubuhi alisema hawezi, na tulikutana naye njiani tukishuka baada ya ibada, ameketi kwenye nyasi, midomo ya bluu, hawezi kusema. Alionyesha kidole tu upande wa nyumbani.

Shemeji alikimbia. Mimi nilikimbia nikishika tumbo. Watu wengine walitufuata, kanisa zima karibu, wote wamevaa nguo nyeupe.

Majani ya ndizi yalikuwa yametulia mahali pake chini ya mlango. Siafu hawakupita mlangoni. Walipanda ukuta wakaingia kati ya ukuta na paa, na kutoka kwenye nyasi za paa walidondoka. Majivu hayakuzuia kitu, kwa kuwa walitoka juu. Wanaume waliingia na mienge ya nyasi, wakamtoa kwa shuka, wakammwagia maji, na wanawake wakaanza kumbandua wadudu hao mmoja mmoja, vichwa vikibaki kwenye ngozi. Nilimwona uso. Sitausimulia. Mkono wa kushoto, ule uliokuwa bado unatetemeka, ulikuwa umefunika jicho, na hivyo jicho lile lilikuwa zima.

Alikuwa hai. Aliishi siku kadhaa baada ya hapo, amevimba, akipumua kwa sauti. Mtu wa dawa alikuja tena akampaka kitu cheupe. Wanawake wa kanisa waliketi nasi kwa zamu, wakaimba chinichini. Mimi nilimpa maji kwa pamba. Sikuisikia tena ile "ee." Alikufa asubuhi moja mvua ikinyesha.

Wakati wa kumtoa kwa maziko niliona viota. Siafu walikuwa wamepita juu ya viota hivyo, wakatoboa vyote vilivyokuwa na uhai ndani, watoto na buibui, wakaacha udongo mtupu. Nyigu mmoja alikuwa anazunguka pale kwenye nguzo, anatua, anaruka, anatua. Sikuweza kumtazama. Wala sikuwachukia siafu kwa wakati huo. Ni hapo tu nilipoelewa kwamba baba yangu hakusema uongo, na mama mkwe pia hakusema uongo. Siafu walishikana na hawakupotea. Nyigu alijenga peke yake, na nyumba ikabaki. Hakuna mdudu kati yao aliyekosea. Mimi ndiye niliyekuwa nimetafuta kwao kitu ambacho hawakuwa nacho, kitu cha kunifundisha jinsi watu wanavyopaswa kuishi.

Mume wangu alifika kutoka Kericho jioni ya maziko. Alisimama kando ya kaburi, lililochimbwa upande wa nyumba, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nani alikuwa naye?"

Shemeji alitazama chini. Mke wake alikuwa ndani, haamki. Mimi nikasema, "Tulikuwa kanisani." Ilikuwa kweli, lakini nilivyoisema iliwafunika wote, naye hakuuliza tena. Wazee wa ukoo, walewale au wana wa walewale waliomwacha mama akande udongo peke yake, walisema maneno marefu juu ya mwanamke hodari aliyelea watoto bila msaada. Nilisikiliza nikitazama kibanda cha pareto pale nyuma yao, kimejaa magunia ya maua makavu. Kila mtu alijua wadudu hawaikaribii pareto. Watu wangeweza kuinyunyiza hata gunia moja. Lakini hakuna aliyekuwepo wa kuwaza hilo, na aliyekuwepo alikuwa akijaribu kupumua.

Mtoto wangu alizaliwa kabla ya wakati wake, msichana, mdogo kiasi cha kulala kwenye ungo. Niliambiwa nisimpe jina upesi. Aliishi mpaka wanawake wakaanza kunizoea nikimbeba, kisha naye akaenda. Tulimzika jirani na kaka yake na bibi yake. Safari hii mume wangu hakuja. Alituma salamu kwa mtu wa kwao aliyefanya naye kazi. Mwaka uliofuata habari zilifika kwamba ameoa huko Kericho, na kwamba mke huyo amezaa. Hakunifukuza. Shamba la mama yake aliniachia nilime, na mimi nililima, na jioni nililala katika nyumba ile kwa sababu sikuwa na nyingine. Shemeji alitaka kuibomoa nikamkatalia.

Baba alikuja kunichukua. Alitembea kutoka Sironga, alikuwa amezeeka, akaketi mlangoni akanywa uji. "Rudi nyumbani," aliniambia. "Ndugu zako wapo. Huwezi kukaa hapa peke yako kama mtu asiye na watu."

"Ndugu zangu wana wake zao, baba. Nitakuwa wa nani huko?"

"Utakuwa wetu."

Nilitaka kuliamini neno hilo. Lakini nilikuwa nimeshaona jinsi "wetu" linavyokuwa siku ya shida, kwamba kila mtu anakuwa mahali pake pa halali, anafanya jambo lake la halali, na katikati anabaki mtu mmoja kitandani. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia nitafikiri. Alilala usiku mmoja, akaondoka, na hatukuonana tena mpaka nilipoitwa kwenye maziko yake.

Mke wa shemeji hakuwahi kupona kifua, wala hakuwahi kurudi kanisani. Mumewe, mzee wa kanisa, alisema ni ugonjwa, na watu walikubali. Kila asubuhi alivuka ua akaniletea kaa la moto kama moto wangu umezimika, au alisimama tu mlangoni. Tulizungumza juu ya mboga na mvua. Miaka ilipita hivyo, na katika miaka hiyo yote hatukulitaja jambo lile.

Alilitaja yeye, karibu na mwisho wake. Tulikuwa tumeketi ukutani kwangu kwenye jua la asubuhi, amejifunika blanketi.

"Aliniambia niende," akasema.

"Nani?"

"Mama. Nilipokuwa namvuta. Aliniambia, nenda."

"Mama hakuwa na maneno, dada. Alikuwa na 'ee' peke yake."

"Najua alichokuwa nacho. Wewe hukuwepo. Alisema nenda."

Nilimtazama. Macho yake yalikuwa makavu, yameingia ndani, yananisubiri. Huenda alilisikia. Huenda lile "ee" lilisemwa kwa namna ambayo ingeweza kumaanisha nenda, au ingeweza kumaanisha usiniache, na yeye alikuwa amelibeba hivyo miaka yote bila kujua ni lipi, na sasa alikuwa anachagua.

"Basi alisema," nikamwambia.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyejibiwa swali lingine, si lile aliloliuliza. Alikufa mvua za masika zilipoanza. Nilimwosha mimi. Alikuwa mwepesi sana, ningeweza kumbeba peke yangu.

Shemeji alizeeka akahamia kwa wanawe karibu na soko. Ua ukaota majani. Siafu wanapita bado, miaka mingine kupitia nyuma, miaka mingine kupitia ndani, na wanapokuja mimi hutoka na kuketi barabarani mpaka waishe. Wapita njia huniuliza nangoja nini hapo. Huwaambia napunga upepo.